Nilivyomfokea Mama Akinyi

Siku hizi kwenye fleti moja ya Buruburu hakuna anayenisalimia, na sina wa kumlaumu.

Mimi ni fundi wa mabomba ya maji. Landilodi aliponiuliza kama naweza kuvuta gesi kutoka mtungi mmoja hadi majiko ya nyumba tatu, nilijigamba, "Paipu ni paipu, mzee."

Nilipomaliza, nilifungua mtungi na kuwasha jiko la kwanza papo hapo. Sikujua kwamba paipu mpya imejaa hewa, na hewa hiyo ikichanganyika na gesi, moto hukimbia ndani. Ukaingia ukivuma, ukagawanyika kwenye maungio, na jiko la Mama Akinyi, nyumba ya tatu, likalipuka na kumuunguza mkono.

Nikamfokea mbele ya wapangaji wote: "Mama, si nilikukataza kugusa jiko?"

"Sijaligusa," alisema akilia. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu mimi ndiye fundi.

Kesho yake landilodi akaleta fundi wa gesi. Akakagua, kisha akaniuliza wapangaji wakisikia, "Ulitoa hewa kabla ya kuwasha?"

"Hewa gani?" nikauliza.

Mama Akinyi, mkono ukiwa kwenye bendeji, ndiye aliyenitazama wa kwanza.