Baza Niliyomfungia Baba

Likizo ya Agosti, mwaka juzi, nilitoka Embu ninakofundisha fizikia nikaenda kwa baba, upande wa Mukurweini. Nilipitia Nyeri mjini kwenye duka la vipuri nikanunua kidude kidogo cheusi kinachotosha kiganjani. Mafundi wanakiita baza. Ukizima gari ukasahau kuzima taa za mbele, kinalia mpaka uzizime.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu aliyobebea maziwa, yake na ya majirani, kila asubuhi kupeleka kituo cha kupozea. Mwezi huo ukungu hukaa mashambani mpaka jua litoke, kwa hivyo alikuwa akiondoka nyumbani na taa. Akifika kumepambazuka, anazima injini, anashuka, taa anaziacha. Akirudi, betri imekufa, na watu wanaacha mikebe yao kwenye foleni kuja kumsukuma. Ilipofika mara ya nne, karani wa pale alinipigia simu.

"Mwalimu," aliniambia, "huyu mzee ameanza kusahau. Kuja umwangalie."

Mtu mwingine hakuwepo wa kuitwa. Mama alikuwa amefariki, na mimi ndiye mtoto wao wa pekee. Lakini sikwenda na moyo safi. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimemwekea baba kinyongo, na yeye hakujua.

Kinyongo chenyewe kilitokana na simu. Nilikuwa na mimba ya pili, ya miezi saba. Baba nilikuwa sijamwambia, kwa sababu kwetu mimba haitangazwi, na nilitaka aione mwenyewe nikienda kumtembelea. Sikufika. Mtoto alifia tumboni. Siku ya pili, nikiwa bado kwenye kitanda cha hospitali, nilimpigia baba kabla sijampigia mtu mwingine yeyote. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, kwamba nilikuwa na mtoto, na kwamba sasa sina. Nilipovuta pumzi, baba akasema, "Sawa sawa, Mama. Asante kwa kupiga. Huku kumenyesha vizuri. Salimia watu wote."

Aliniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mamake. Nilikata simu. Nilimwambia mume wangu asimpigie, kwamba baba ameshajua na hana neno. Tangu siku hiyo nilikuwa nikienda Mukurweini kama mtu anayeenda ofisi ya serikali: nafika, naweka unga na sukari mezani, naangalia saa. Simu zetu zilikuwa fupi. Yeye alikuwa wa kwanza kusema kwaheri, na hilo pia nilimhesabia.

Basi Jumamosi hiyo niliegesha kiti cha jikoni kando ya pikapu, nikafungua mlango wa dereva, nikaingiza kichwa chini ya dashibodi. Baba alisimama nyuma yangu akishika tochi. Kazi haikuwa ngumu. Baza ina waya mbili. Nyekundu niliiunga kwenye fyuzi ya taa, nyeusi kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwashwa. Gari likiwaka, umeme unasukuma pande zote mbili sawa, kwa hivyo baza inanyamaza. Ukizima gari na taa bado zinawaka, upande mmoja unalegea, umeme unapita, baza inalia. Nilimweleza baba hivyo hivyo, kichwa kikiwa humo chini, na yeye akawa anaitikia, "Eeh. Eeh." Tochi aliishika mahali nisipoitaka. Nilimwambia mara tatu asogeze mwanga kushoto, hakusogeza. Nilitoka nikamnyang'anya tochi bila kusema kitu.

Nilipomaliza kufunga tepu, nilimfanyia ishara aingie ajaribu mwenyewe. Aliwasha gari, akawasha taa, akazima gari. Baza ikalia. Ilikuwa na mlio mwembamba, mkali, wa kuchoma. Kuku walitawanyika. Jirani aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe upande wa pili wa ua aliinuka akaangalia.

Baba alishuka, akafunga mlango, akaanza kutembea kuelekea nyumbani.

"Baba, taa," nilisema.

Hakugeuka.

"Baba, si umeacha taa?"

Aliendelea kutembea, mikono mgongoni. Nilipiga kelele, mimi ambaye sijawahi kumpigia baba kelele maishani. "Wewe hutaki tu kusikia. Kitu chochote kikitoka kwangu hutaki kukisikia."

Alipofika mlangoni ndipo aligeuka. Aliniangalia, akaona uso wangu, akatabasamu kwa wasiwasi kidogo.

"Umemaliza?" aliuliza. "Ukimaliza uniite, tuone kama italia."

Baza ilikuwa inalia.

Nilienda nikazima taa. Nilirudi nikasimama karibu naye, hatua mbili tu. Nilifunika mdomo wangu kwa mkono, kama mtu anayejifuta, na kwa sauti ya kawaida nikasema, "Baba, nyumba inaungua."

"Sawa sawa, Mama," alisema. "Asante."

Nilikaa kwenye kile kiti cha jikoni, na yeye akaja kuniinamia akiuliza kama ni jua. Nilitoa mkono mdomoni nikamuuliza polepole, akiangalia midomo yangu, "Baba, ulianza kutosikia lini?"

Akaniambia yote. Ilianza na sauti nyembamba. Kwaya ya kanisa aliyoifundisha miaka mingi aliiacha kwa sababu alikuwa haisikii tena safu ya akina mama. Sisi sote tulidhani amekosana na mpiga kinanda mpya. Halafu zikapotea sauti za watoto, halafu simu.

"Simu ilikuwa mbaya zaidi," alisema. "Wewe ukipiga, mimi nangoja uvute pumzi, halafu nasema sawa sawa. Nakuambia habari ya mvua. Halafu naaga mapema, usije ukaniuliza kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenichukua. Na ng'ombe ningeachia nani?"

Sasa nilijua ni lazima nimwambie. Nilijaribu. Nilisema, "Baba, nilipoteza mtoto," naye akainama, akakunja uso, akasema, "Ati nini?" Nilisema tena kwa sauti zaidi. "Ulipoteza nini?" aliuliza. Jirani alikuwa bado yuko pale uani na kisu chake. Mara ya tatu ilibidi nipige kelele, na sikuweza. Hilo si neno la kupigiwa kelele.

Nikachukua kiboksi cha karatasi kilichokuja na baza, nikakipasua, nikaandika ndani yake kwa kalamu yangu ya shule habari ya mtoto na ya ile simu ya hospitali. Baba alienda nyumbani kutafuta miwani. Alirudi akasoma akiwa amesimama, akafika mwisho, akarudia kutoka mwanzo.

"Alikuwa mvulana?" aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa mume, na wa pili jina la baba wa mke. Mimi nina kijana mmoja, ana jina la baba mkwe. Baba hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alishika mlango wa pikapu.

"Kumbe alikuwa mimi," alisema.

Kisha akauliza, "Na siku hiyo uliponipigia, mimi nilikujibu nini?"

"Ulisema pole, Baba."

Alikuwa akiangalia midomo yangu. "Hapana," alisema. "Nilisema sawa sawa."

Siku iliyofuata niliitoa baza nikaweka taa ndogo nyekundu juu ya dashibodi mahali pake. Haikumsaidia sana. Wiki hiyo hiyo tulienda Nyeri kupimwa masikio, na daktari akamwambia aache kuendesha. Pikapu ilinunuliwa na mtu wa Kiganjo. Kifaa cha masikio alikivaa mara chache. Alisema kinamletea kelele ya vijiko na si sauti za watu.

Kwa hivyo kila Jumamosi nilikuwa naenda kwake na daftari. Mimi naandika, yeye anasoma, anajibu kwa mdomo. Tulizungumza mambo mengi namna hiyo, hata ya mama, hata ya yule mtoto. Mwezi wa Aprili uliofuata kifua kilimshika, na hakukaa hospitali siku nyingi.

Daftari zilizobaki ni tatu. Nilizifungua baada ya mazishi nikitaka kumsikia, nikakuta ni maneno yangu tu. Ukurasa mmoja nimeandika, "Ulikuwa unanifikiria nini wakati ule nilipokuwa nakuja naangalia saa?" Chini ya hapo pameachwa nafasi ya mistari miwili, halafu nimeandika, "Haya, nimeelewa. Niweke chai sasa?"

Alinijibu. Nakumbuka alijibu kwa kirefu, akiangalia dirishani. Maneno yenyewe siyakumbuki.