Kiganja Juu ya Wino Mwekundu

Harufu ya wino wa ramani mpya hunirudisha ukumbini kwa bibi, kijijini Shika Adabu, siku mpima ardhi alipotandaza mchoro wake jamvini akimtaka bibi atie dole gumba la kukubali. Macho yetu sote yalikimbilia barabara iliyopangwa, mstari mnene mwekundu uliopita mbali na shamba letu.

"Haiwagusi kabisa, mama," alisema mpima.

Bibi hakujua kusoma. Aliufunika mstari ule kwa kiganja chake.

"Hiki chekundu chapiga kelele mno. Mjukuu wangu, sasa waona nini?"

Nikainama. Kando ya vidole vyake palikuwa na nukta za kijivu, hafifu kama vumbi, zikilikatiza shamba letu la mihogo hadi kwenye kaburi la babu.

"Hizo ni za mipango ya baadaye tu," mpima akasema upesi. "Zisikutie wasiwasi."

"Wallahi sina wasiwasi, baba. Hebu nipa kalamu yako nyekundu."

Akaipokea, akanikabidhi mimi.

"Zipitie zote, zikolee."

Nilipomaliza, bibi akafungua mlango, akawaita majirani waje kutazama.