Sambusa Sita Kwenye Treni ya Köln

Jamani, mimi mwalimu mzima kutoka Tensta, kitongoji cha Stockholm, nimejiaibisha Ujerumani. Kituoni Berlin niliwafokea wanafunzi wangu: "Atakayeachana na kundi, namrudisha Stockholm!"

Ndani ya treni njaa ikanibana. Mfukoni nilikuwa na sambusa sita za mke wangu, na kwetu huli mbele ya watoto bila kuwagawia. Nikasingizia choo, nikaenda kujificha behewa la kwanza kabisa.

Sikujua kwamba treni ile hukatwa vipande viwili njiani. Watoto walikwenda Köln, mimi na sambusa zangu Düsseldorf.

Simu ikalia. Alikuwa Neema, mwanafunzi wangu ambaye siku zote nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi tu. Safari hii alinyoosha Kiswahili:

"Mwalimu, sisi wote tuko Köln. Zile sambusa umezimaliza?"