Pazia la Mama Gloria

Mgahawa wa Mama Gloria haumo kwenye ramani ya simu, na mgeni anayeutafuta kwa simu atashinda njaa. Lazima uulize. Ukitoka Boma, lile jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Iringa, watu watakuambia ufuate harufu ya mbalaga, ndizi za Kinyakyusa zilizopikwa na maharage. Meza ziko sebuleni kwake mwenyewe. Jiko liko nyuma, na kati yake na sebule hakuna mlango, ila pazia la kitenge lililotundikwa kuzuia moshi.

Jina lake hasa ni Tusajigwe, mzaliwa wa Rungwe kule Mbeya, aliyeletwa Iringa na ndoa. Ni mwanamke wa vicheko. Watalii, madereva, makarani, wote huwatania mpaka wanasahau kudai chumvi. Mtu mmoja tu hajawahi kumtania: Mzee Andendekisye, baba mkwe wake.

Kwao Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe. Akimwona anakuja, anaacha njia na kujitosa migombani. Baba mkwe naye, kwa heshima, hukohoa kabla ya kuingia mahali ili mkamwana ajiondoe. Siku hizi wengi wamelegeza. Mzee Andendekisye hakulegeza hata uzi. Tangu aolewe, Tusajigwe alimjua kwa kikohozi tu. Hata siku ya harusi aliinamisha kichwa chini ya khanga.

Sasa Mzee alikuwa amesema neno. Aliposikia habari za mgahawa, alimpigia simu mwanawe Lusekelo: "Mgahawa ni mlango wa kila mtu. Siku nikiingia mimi na wazee wenzangu, mkeo atajificha wapi? Krismasi isimkute anauza chakula."

Lusekelo, mume mwema lakini mwana mwoga, aliitikia tu, "Ndiyo, baba." Tusajigwe alilia, akakasirika, akalia tena. Mgahawa ule ulikuwa kitu cha kwanza alichokianzisha yeye mwenyewe, kwa akili yake, na sasa ulikuwa unakufa kwa swali moja la mzee. Novemba ilikuwa imeshaingia.

Basi Jumamosi moja basi dogo likasimama nje. Wazee wa kanisa kutoka Rungwe walikuwa wamekwenda Kalenga kuona mambo ya Mkwawa, njaa ikawakamata, na mwenyeji wao akawaleta kwa Mama Gloria. Tusajigwe alikuwa anakoroga chungu aliposikia mtu akikohoa mlangoni. Kikohozi kikavu, chenye kuguna mwishoni. Mwiko ukamponyoka.

"Dada Rozalia," alimnong'oneza msaidizi wake, mama wa makamo wa Kihehe, "leo utahudumia peke yako. Mimi sipo."

"Mbona upo?"

"Sipo! Baba mkwe yuko sebuleni."

Rozalia alicheka hadi akashika ukuta. "Nyie Wanyakyusa! Mkwe si unamsalimia tu kamwene, yameisha?"

"Ukinitaja huko, nakufa hapa hapa."

Rozalia akabeba sahani. Sebule ikatulia. Wazee wakinyamaza mezani, ama mpishi amefaulu ama ameua mtu. Tusajigwe alisimama nyuma ya pazia, roho juu, akisikiliza vijiko.

"Aliyepika hii ni wa kwetu!" mzee mmoja akapaza sauti. "Atoke tumshukuru, tumwambie ndaga!"

"Atoke! Atoke!" wenzake wakaitikia, wakigonga meza.

Masikini, angefanya nini? Asipotoka, amewadharau wageni. Akitoka, amevunja heshima mbele ya wazee wa kanisa zima, na mgahawa umekwisha siku hiyo hiyo. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na magunia ya mkaa.

Kiti kikasogezwa. Kikohozi kikasikika tena, safari hii karibu kabisa. Chini ya pazia Tusajigwe aliona viatu vyeusi vilivyopakwa vumbi jekundu la Kalenga. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Hatoki," ilisema sauti ya Mzee. "Huyu ni mkamwana wangu. Jina la mjukuu wangu, Gloria, limeandikwa pale ukutani nje. Mnadhani mlangoni nilikohoa kwa mafua?"

Wazee wakaacha kugonga meza. Na kwa kuwa hakupaswa kusema na mkamwana, Mzee akamgeukia Rozalia. "Mama, nifikishie neno. Mwambie niliuliza atajificha wapi. Leo nimeona." Akaligusa pazia kwa ncha ya fimbo. "Ila kitambaa hiki chepesi, mwanga unapita. Atafute kizito. Januari naleta kwaya."

Rozalia, aliyesimama katikati yao, aligeuza shingo. "Anasema utafute pazia zito. Kwaya inakuja Januari."

Januari! Krismasi itakuwa imeshapita. Tusajigwe alikaa juu ya gunia la mkaa na nguo yake safi, kicheko na machozi vikamjia pamoja.

"Mwambie ndaga fijo, baba."

"Anasema asante sa..."

"Nimesikia, mwanangu," Mzee akajibu, mila imemtoka kichwani.

Kisha akakohoa haraka, kama mtu ambaye hakusema kitu, akarudi mezani kuomba aongezewe.