Flashi ya Tumboni mwa Mashine

Mama Kao Yueh-o si mtu wa kubabaishwa na chuma. Lakini asubuhi ile mashine yake ya kudarizi ilipogoma kuwaka, alikaa mikono mapajani akaikodolea macho tu. Pazia la hekalu lilikuwa limebakiza joka, na msafara wa mungu wao wa kike unatoka wiki ijayo. Joka hilo, pamoja na nakshi zote alizochora tangu usichana wake, lilikuwa ndani ya flashi ndogo kama ukucha, iliyochomekwa kwenye ubao tumboni mwa mashine. Kuchora upya? Thubutu! Tangu kiharusi kimpitie, mkono wake hata vijiti vya kulia unavidondosha.

Dalili aliziona. Mwezi mzima mashine ilikuwa inazimika katikati ya kazi. Na pale mjini kwao Lukang mashine ikileta ukaidi, unaiwekea juu pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, itulie. Kijani tu, ya njano unajitakia balaa. Mama Kao aliweka moja. Ikazimika. Akaweka nne, akazibananisha vizuri, akaziombea.

Fundi Liao alipofika, kitu cha kwanza alichofanya ni kuziondoa.

"Shangazi, nani kaziba matundu ya hewa?"

"Kaziba nani? Hizo za kuituliza!"

"Basi imetulia. Joto lote limebaki ndani, flashi imeungua."

"Wewe na mdomo wako! Si uweke nyingine?"

"Kuweka nitaweka. Vilivyokuwamo ndiyo kazi. Nakala unayo?"

"Nakala ya nini, na yenyewe imo humo humo? Haianguki, haiibiwi."

Liao hakucheka. Sandukuni mwake mwenyewe, kati ya bisibisi, ilikuwamo pakiti ya kijani. Aliichomeka ile flashi kwenye kompyuta yake, akaichomoa, akaifuta, akaichomeka tena. Kompyuta haikuiona kabisa. Mama Kao alisimama nyuma yake akimshika bega kama mtu aliye chumba cha wagonjwa.

"Jamani, Liao. Hata joka peke yake?"

"Hakuna kitu, shangazi. Nisamehe."

Akafunga flashi mpya. Mashine ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri kuliko siku zote, kioo chake kikiwa kitupu.

"Nichoree chochote niijaribu," Liao akasema, akampa kalamu ya kuchorea kwenye kioo.

Mama Kao aliishika kwa mikono yote miwili. Mstari ukaenda upogo, ukarudi, ukapotea. Akairudisha kalamu bila kumtazama.

"Chora wewe."

"Mimi? Mimi sijui kuchora, shangazi."

"Chora."

Liao akachora duara, bovu, limebonyea upande. Mashine ikalidarizi kwa uzi wa dhahabu, pale pale pa joka kwenye pazia lililokuwa bado limebanwa mashineni, kwa utiifu mkubwa, bila kukosea hata tundu moja la sindano. Mama Kao akaliangalia mpaka likaisha, ndipo akalia.