Gladiola Zilizofumba

Mama aling'oa nusu ya shamba lake la maharage kwa sababu ya maneno yangu. Nilikuwa nimerudi Bungu, kijijini kwetu mlimani, kutoka Korogwe mjini, ambako nilifanya kazi miaka minne katika duka la kuchapa na kutoa kopi. Mtu akikaa miaka minne akichapa mipango ya biashara ya watu wengine, huanza kujiona mtaalamu. Nilimwambia baridi ya mlimani inafaa gladiola, yale maua marefu ya harusi na misiba, na kwamba Dar es Salaam watu wanaoana na kufa kila wiki. Hakubisha. Alisema tu kwamba maharage yakikosa soko yanaliwa.

Basi nikatafuta soko. Mnunuzi mmoja wa jumla wa Dar es Salaam, mwanamke mwenye sauti ya haraka, aliniambia kwenye simu kwamba hanunui maneno. Alitaka karatasi yenye picha za maua: rangi, urefu wa shina, mashina mangapi kwa fungu. Akiipenda, angechukua mafungu arobaini kila wiki. Asipoipenda, nisimsumbue tena. Nikamjibu kwamba karatasi ndiyo kazi yangu.

Kwenye picha ndipo shughuli ilipoanza. Mama hakukubali maua yapigwe peke yake. "Kitu kisicho na mwenyewe ni cha wizi," alisema. Akayasubiri mpaka yakachanua yote, kutoka chini hadi juu, na yale ya chini yakaanza kunyauka. Ndipo akavaa gauni la Idi, akayakumbatia, akasimama wima kama anayesikiliza wimbo wa taifa. Katika picha kumi na mbili hakutabasamu hata moja. Nikaipanga karatasi: nyekundu juu, nyeupe katikati, njano chini, na mama mara tatu. Niliiona nzuri sana.

Mnunuzi alipiga simu siku ileile.

"Dada, maua mazuri, na mama yako amependeza. Lakini haya yameshakwisha. Yakinifikia huku nitalisha mbuzi. Mimi nataka yaliyofumba, ua la chini kabisa kwenye shina ndio kwanza linaonyesha rangi. Nitumie picha nyingine kabla ya Ijumaa."

Ningeuliza mapema ningelijua hilo. Lakini mimi niliwahi kuchapa kijitabu kizima cha ufugaji wa kuku, na sijawahi kufuga hata kifaranga. Ndivyo utaalamu wangu ulivyo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Nipigwe picha na vitu vichanga? Watu watasema nyumba ile ina njaa."

Hakuwa anatania. Huku kwetu anayekata mkungu wa ndizi kabla haujakomaa ama ana njaa ama ni mwizi, na wote wawili hawapigwi picha. Nikasema basi nitayapiga bila yeye. Hilo lilikuwa baya zaidi: machanga, na tena hayana mwenyewe. Tukanuniana siku mbili. Nilikuwa na hofu ya kweli. Maharage yale niliyang'oa mimi kwa mdomo, na mdomo hauliwi.

Alhamisi asubuhi alitoka na nguo zake za shamba na kisu. Akakata yaliyofumba, akayafunga kumi kumi, akasimama nayo kwa uso wa mtu anayetoa maelezo polisi.

"Piga upesi, jirani hajatoka."

Jibu la mnunuzi lilikuwa neno moja: "Nachukua."

Huu ni msimu wa pili. Kila wiki mama hukata alfajiri, mafungu yanateremka Korogwe na kupanda basi, na halijarudi hata moja. Majirani wawili wameshaniomba niwatengenezee karatasi. Nimetembea kijijini kichwa juu, sikatai.

Wiki iliyopita nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa shamba baada ya kukata. Nikampa habari njema: mnunuzi sasa anataka mafungu sitini, itabidi tung'oe na maharage yaliyobaki. Alikuwa anatazama shamba la maua, na lilikuwa kijani tupu mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu, hivi yakifika huko yanachanua kweli?"

"Yanachanua, mama. Yote."

"Wewe umeyaona?"

Sikuwa nimeyaona. Nikasogea pembeni, nikampigia mnunuzi, nikamwomba atupigie picha moja tu, yakiwa yamechanua. Alicheka sana. Alisema hata yeye hayaoni, yanaondoka dukani kwake siku hiyohiyo, bado yamefumba.

Nikakata simu, nikamwambia mama picha inakuja. Niliona aibu hata kumtazama.

Akasema sawa, atasubiri.