Skuli Katika Bonde la Mpunga

Zama za Waingereza nilikuwa mwashi. Kazi nilifunzwa na baba yangu Kilwa Kivinje, kisha nikaoa Kiswere na kuhamia ukweni. Iliposikika kwamba serikali itajenga skuli kijijini, nilifurahi mara mbili: nimepata kazi, na binti yangu atasoma akiwa kwetu.

Bwana mhandisi alikuja kutoka Lindi wakati wa kiangazi, ramani ameitia ndani ya mkebe wa bati. Akapigilia vigingi bondeni, kando ya barabara. Palikuwa tambarare, hapana kisiki wala jiwe. Akaniamuru nichimbe shimo apime udongo. Sururu ilidunda kama niliyepiga mwamba.

"Unaona? Ardhi ngumu," akasema, akaandika.

Pale alilima mama mkwe wangu. Jioni alisimama mbali nami, uso ameugeuza pembeni kama ilivyo adabu ya wakwe, akasema, "Mkwe, pale napanda mpunga. Mpunga hauoti pakavu."

Nilijua. Udongo mweusi wa bonde jua likiwaka huwa chuma. Ukinywa maji huvimba, ukikauka hupasuka nyufa za kupitisha mkono. Kesho yake nikamwendea mhandisi.

"Bwana, masika maji husimama hapa mpaka magotini. Pale juu kwenye mchanga mwekundu hayafiki."

Alinisikiliza, hilo simnyimi. Tulipanda pamoja, akauchota ule mchanga na kuusugua viganjani. Tulipokuwa tunashuka akasema, "Nitaandika Lindi."

Tulingoja majuma matatu. Majibu yalipofika hakunisomea. Aliikunja barua akaitia mfukoni. "Ramani imekwisha kutiwa sahihi. Chimba msingi."

"Basi tuongeze kina, bwana."

"Chimba kama ilivyochorwa."

Nikachimba kama ilivyochorwa. Kwenye pembe moja tu, alipokuwa hatazami, niliiba nusu futi kwenda chini, nikajiona nimefanya jambo. Mama mkwe akaonyeshwa shamba jingine kilimani. Akapanda mtama.

Skuli ilifunguliwa kwa hotuba, na binti yangu akaingia darasa la kwanza. Masika ya kwanza maji yaliizunguka, watoto wakawa wanapita juu ya magogo. Yalipokauka nikaitwa kuziba ufa karibu na dirisha, mwembamba kama unywele. Nikauziba kwa chokaa. Baada ya miezi michache ufa ukarudi, sasa unapitisha kidole. Nikauziba tena. Mara ya tatu nilimwambia mwalimu, "Ukuta huu hautaki chokaa. Unakwenda."

"Nimeandika barua nne," akajibu. "Unataka niandike ya tano?"

Binti yangu alikaa chini ya ufa ule ule. Nikamwambia ahamie upande wa pili.

"Mwalimu ametupanga kwa vimo, baba."

Ningeweza kumzuia nyumbani. Lakini alikuwa ameanza kuandika jina lake mchangani, mbele ya mlango wetu, na kila aliyepita alisimama kutazama. Nilimwacha aende. Kila asubuhi nilimwacha aende, halafu nikakaa nikisikiliza upande wa bondeni.

Masika ya pili, mvua ilikuwa imekatika kidogo, watoto wamepangwa nje wakikaguliwa kucha na kiranja wao. Mwalimu alikuwa ndani akifungua madirisha. Ukuta ukalala juu yake. Tulifukua kwa mikono. Nilikuwa nakamata mawe niliyoyachonga mwenyewe, nayatupa nyuma bila kutazama. Tulimtoa yu hai, mguu umesagika. Barabara ilikuwa imejaa maji. Lori lilimfikisha hospitali Lindi siku ya pili. Tangu hapo alitembea na mkongojo.

Akaja mhandisi mwingine, mgeni kabisa. "Nani alijenga?"

"Mimi, bwana."

Akaokota kipande cha chokaa kilicholowa mvua siku kumi, akakivunja kwa vidole. "Chokaa mbaya," akasema, akaandika.

"Bwana, iko barua ya mwenzako aliyetangulia. Aliomba tujenge kule juu."

"Mwenzangu amekwisha rudi Ulaya."

Mzee mmoja wa kijiji aliyekuwa kando yangu alitazama miguu yake.

Watoto walisoma barazani kwa msikiti mwezi mmoja, kisha mwalimu wa muda aliyeletwa akahamishwa, wakatawanyika. Kazi ya serikali sikupewa tena. Nikawa naziba nyufa za visima na kujenga makaburi ya watu. Binti yangu aliishia darasa la pili. Siku hizi yuko Rasbura, kule Lindi, ameolewa, ana watoto. Huniletea barua za mistari miwili, herufi kubwa kubwa zinazopanda na kushuka, nami huwapa wajukuu ninaokaa nao hapa wanisomee.